Mizaha ya Roger Miller na hesabu zilizomo ndani yake

Toleo lililopita tuligusia kwamba "Billy Bayou", wimbo wanaoujua wapenzi wote wa Jim Reeves, haukutungwa na Jim Reeves. Barua zimekuja kwa wingi kumuuliza mtunzi wake, Roger Miller, mwimbaji wa kantri wa Marekani, kwa hiyo safu yote ya leo ni yake. Maswali tumeyafupisha.

SWALI: Huyu Roger Miller ni nani, na muziki alijifunza wapi? (Msikilizaji wa Jumapili, Nyeri)

JIBU: Alizaliwa Fort Worth, Texas, tarehe 2 Januari 1936, wa mwisho kati ya wavulana watatu. Baba alifariki kwa homa ya uti wa mgongo Roger akiwa na mwaka mmoja. Ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi na mama hakuweza kuwalea peke yake, hivyo ndugu watatu wa marehemu wakawagawana watoto, kila mmoja wake. Roger alichukuliwa na ami yake Elmer na mkewe Armelia, wakulima wa pamba huko Erick, Oklahoma.

Erick ni kijiji tu, lakini kimetoa wachekeshaji wawili wa kantri waliofika kileleni mwa chati. Wa kwanza ni Sheb Wooley, aliyemzidi Roger miaka 15 na kumwoa binamu yake. Huyo shemeji ndiye aliyemfundisha kodi za mwanzo za gitaa (kodi za nyuzi, si za nyumba) na kumnunulia fidla yake ya kwanza. Mwaka 1958 Wooley alishika namba moja Marekani kwa "The Purple People Eater", kisa cha kiumbe cha angani chenye jicho moja na pembe moja. Wengi hudhani kiumbe ndicho chenye rangi ya zambarau. Sikilizeni tena: chenyewe kinasema kinakula watu wa zambarau.

Roger alipofika miaka 17 aliiba gitaa huko Texas, kesho yake akajisalimisha mwenyewe. Akatakiwa achague jela au jeshi. Akachagua jeshi, akapelekwa Korea. Baadaye alipiga fidla katika bendi ya jeshi, na humo sajini mmoja, ndugu wa Jethro wa kundi la vichekesho la Homer and Jethro, akamshauri aende Nashville, kitovu cha muziki wa kantri, akaonane na Chet Atkins wa kampuni ya RCA. Mlango haukuwa mbali: Jethro na Chet Atkins walikuwa wanyumba, wameoa dada mapacha. Tatizo ni kwamba Roger alifika bila gitaa. Chet akamwazima lake, naye kwa hofu akaimba katika ufunguo mmoja huku akipiga katika mwingine. Akaambiwa akafanye mazoezi, arudi siku nyingine. Mwaka 1957 akawa mbeba mizigo katika hoteli ya Andrew Jackson mjini Nashville, na wageni wakamjua kama mbeba mizigo anayeimba.

SWALI: Kama "Billy Bayou" ni wake, Jim Reeves alimlipa shilingi ngapi? (Fundi Redio, Mwanza)

JIBU: Jim Reeves hakumlipa kitu, wala hakupaswa. Marekani anayemlipa mtunzi ni kampuni ya santuri, kupitia kwa mchapishaji wa nyimbo. Tangu 1909 hadi 1978 sheria iliweka kiwango cha senti 2 za dola kwa kila wimbo katika kila nakala. Desturi ilikuwa mchapishaji achukue nusu, mtunzi nusu, yaani senti 1. Santuri ikiuza nakala milioni nzima, mtunzi anaondoka na dola 10,000. Na kama watunzi ni wawili, wagawane hiyo senti.

Mchapishaji wake Miller alikuwa Tree, waliompa dola 50 kwa wiki. Chungu cha pili cha mtunzi ni redio, na hapa wengi hushangaa: stesheni za redio za Marekani humlipa mtunzi na mchapishaji kila wimbo unapopigwa, mwimbaji hapati hata senti. Ndiyo maana katika Nashville mtu asiyejulikana uso anaweza kula vizuri kuliko nyota.

Jim Reeves aliipandisha "Billy Bayou" hadi namba moja ya chati ya kantri mwanzoni mwa 1959, na mwaka huohuo "Home", pia ya Miller, ikafika namba 2. Ray Price alikuwa ametangulia na "Invitation to the Blues" mwaka 1958. Kwa hiyo kabla hajachekesha mtu yeyote kwa sauti yake, Miller alikuwa tayari fundi wa nyimbo za huzuni anayeaminika. Tunasisitiza hilo kwa sababu linaeleza kila kilichofuata.

SWALI: Nimesoma kwamba umaarufu wake ulianza kwa deni. Ni kweli? (Dada wa Tabata)

JIBU: Si deni, ni nauli. Kufikia mwisho wa 1963 alikuwa amepita kampuni kadhaa za santuri bila kupata wimbo mkubwa sana, amepiga fidla kwa Minnie Pearl na ngoma kwa Faron Young, hata amewahi kuwa mzima moto huko Amarillo. Akaamua kuhamia California akajaribu uigizaji. Alihitaji dola 1,600. Kampuni ya Smash ikakubali kumpa, kwa sharti arekodi nyimbo 16, kila mmoja kwa dola 100.

Mtu anayeaga hana cha kulinda. Akaingia studio Januari 1964 na mtayarishaji Jerry Kennedy, akamwaga kila upuuzi aliokuwa akiwachekeshea rafiki zake vyumbani. Miongoni mwa hizo 16 zilikuwamo "Dang Me" na "Chug-a-Lug". "Dang Me" ikakaa namba moja ya kantri wiki 6 na kufika namba 7 katika chati ya jumla. Katika Grammy za mwaka 1964 alipata tuzo 5, mojawapo ikiwa ya msanii mpya bora wa kantri, ingawa nyimbo zake zilikuwa redioni tangu miaka sita nyuma. Za mwaka 1965 akapata 6 nyingine.

SWALI: Ninafundisha ushairi kidato cha tatu. Je, nyimbo za namna hii zina kanuni yoyote, au ni maneno ya kipuuzi yaliyobahatika? (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Mwalimu, swali lako ndilo tulilolingojea, na jibu liko katika kitabu unachofundishia. Unawafundisha wanafunzi inkisari (kufupisha neno), mazda (kulirefusha) na tabdila (kulibadili umbo bila kubadili idadi ya silabi). Basi kichekesho kinachojulikana kuliko vyote vya "Dang Me" ni tabdila tupu. Mshororo mmoja unaishia na neno la Kiingereza la rangi ya zambarau, "purple". Unaofuata unataka shira ya mti wa mepo, "syrup". Vina havipatani, naye haendi kutafuta neno jingine: analipinda hilohilo liwe "surple". Silabi zilikuwa mbili, zimebaki mbili.

Kwa Kiswahili tungefanya hivi:

Waridi lina wekundu,
na chai ina sukandu.

Mizani 8 kwa 8. Msikilizaji anacheka kwa sababu sikio limepata kina likitakacho huku akili ikikataa neno. Sasa jaribu "na chai ina sukarindu". Mizani imekuwa 9, mshororo unachechemea, na hakuna anayecheka. Hapo ndipo watungaji wengi wa mizaha huanguka: hudhani neno la ajabu ndilo linalochekesha, wakati kinachochekesha ni neno la ajabu lililoingia katika nafasi yake sawasawa kama pini kwenye kitasa. Mtu asiyejua mizani hawezi kuivunja kwa mzaha, ataivunja tu.

Kanuni ya pili ni hesabu. Katika wimbo huohuo mwanamume yuko baa na wenzake wakati mkewe yuko nyumbani na mtoto wa mwezi mmoja. Vinywaji vimeagizwa mizunguko 6, yeye kalipia 5. Pesa ya chakula imekwisha na nusu ya kodi (sasa ndiyo ya nyumba). Halafu anatangaza kwamba amepungukiwa dola 14 ili awe na senti 27. Ipige hesabu hiyo ubaoni: yuko chini ya sifuri kwa dola 13 na senti 73. Angesema tu kwamba hana pesa, wimbo ungekuwa wa kawaida. Angesema amepungukiwa "dola nyingi", usingekuwa na kitu. Tarakimu ni kavu, zinatajwa bila kulia wala kutabasamu, na nyuma yake kuna mtoto asiye na maziwa. Toa kibwagizo, mpe mwimbaji mwingine aimbe polepole, utapata wimbo wa msiba. Yule fundi wa huzuni tuliyemtaja juu hakwenda popote.

Kanuni ya tatu ni ya kupanga. "You Can't Roller Skate in a Buffalo Herd" ya 1966 ni orodha ya mambo yasiyowezekana, la kwanza likiwa kuteleza kwa viatu vya magurudumu katikati ya kundi la nyati. Kila ubeti unarundika yasiyowezekana kisha unaishia na jambo moja linalowezekana, lilelile kila mara: kuwa na furaha ukiamua. Kama ungetangulizwa mstari wa furaha na nyati wakafuata, ingekuwa mahubiri yenye mfano. Mpangilio huu unafaa sana darasani: wape wanafunzi vitu vitatu visivyowezekana vya Morogoro na mshororo mmoja wa kibwagizo, mizani ileile kila ubeti, na uwakataze kucheka wanaposoma.

SWALI: Bendi yetu hupiga kantri Jumamosi. "King of the Road" ikifika watu wanarudi mezani. Kodi ni tatu tu, tunakosea wapi? (Mpiga gitaa, Eldoret)

JIBU: Bila kuwasikia tunaweza kukisia mambo manne, kwa sababu bendi nyingi hukosea hayohayo.

Kwanza ni kasi. Rekodi ya Miller iko karibu na mapigo 120 kwa dakika. Bendi ikiona ukumbi umelala huongeza, na ikifika 135 maneno yanagongana. Huu ni wimbo wa mtu asiye na haraka: mzururaji anayedandia mabehewa ya mizigo, anayefagia kwa muda wa saa mbili kupata chumba cha kulala. Mtu huyo hakimbii popote.

Pili ni mwendo wa pigo. Msipige nane zilizonyooka, yaani noti mbili zilizo sawa kwa kila pigo. Gawanyeni kila pigo katika vipande vitatu vilivyo sawa, mpige cha kwanza na cha tatu, cha kati mkiache kimya. Mpiga besi atembee noti moja kwa kila pigo. Mdundo wa vidole unakuja pigo la 2 na la 4. Hadhira ya kwetu hupenda kupiga makofi la 1 na la 3, na mpiga ngoma akiwafuata wimbo unageuka gwaride. Afadhali ngoma zinyamaze kabisa ubeti wa kwanza. Mwanzo wa rekodi unasimama juu ya besi na vidole.

Tatu ni ufunguo. Rekodi inaanza B bapa, na kabla ya kwisha inapanda nusu toni hadi B. Wanaotumia kapo (kibanio cha nyuzi kinachofungwa shingoni mwa gitaa) freti ya 1 na kupiga kwa umbo la A huanza vizuri, kisha wakifika kwenye kupanda wanakwama, na wengi huamua kuacha kupanda. Hapo wimbo unapoteza uhai, maana tuni inajirudiarudia. Ondoeni kapo. Bana nyuzi zote kwa kidole cha shahada freti ya 6, umbo la E: hiyo ni B bapa. Freti hiyohiyo ya 6, umbo la A: E bapa. Sogea freti ya 8, umbo la A: F. Kupanda kukifika, kila kitu kinasogea freti moja, yaani 7, 7 na 9, bila kubadili umbo lolote. Ubeti unakwenda kodi ya kwanza (B bapa), ya nne (E bapa), ya tano (F), kisha nyumbani kwenye ya kwanza; mstari wa pili unabaki umening'inia kwenye ya tano.

Nne, na hili ndilo kubwa, ni kimya. Mwisho wa ubeti vyombo vinakatika na sauti inabaki peke yake kutaja jina la wimbo. Bendi nyingi huogopa kimya hicho, mpiga kinanda anakijaza. Msimruhusu. Na mwimbaji asikonyeze, asibadili sauti iwe ya kilevi, asicheke. Miller aliuimba kama mtu anayesoma tangazo la nyumba ya kupanga, na kwa kweli mstari wa kwanza ulizaliwa na bango la barabarani la trela za kuuzwa au kupangishwa, alilolipita njiani Chicago.

SWALI: Katika wimbo huo chumba ni cha "biti nne". Biti ni nini? (Mzee wa Kibokoni, Mombasa)

JIBU: Biti moja ni sehemu moja ya nane ya dola, hivyo biti nne ni senti 50. Zamani Marekani ilitumia dola ya fedha ya Kihispania iliyogawanyika katika real nane. Wazee wa pwani waliohesabu mahari kwa reale watalitambua jina: ni neno lilelile, ingawa sarafu iliyoitwa reale huku ilikuwa ya Maria Theresa.

SWALI: Sauti nyembamba za vikaragosi kwenye nyimbo hizi zilifanywaje kabla ya kompyuta? Ninataka kuifanya kwa simu. (Prodyuza wa chumbani, Kawangware)

JIBU: Kwa kubadili mwendo wa utepe. Mashine za studio zilikuwa na mwendo wa inchi 15 na wa inchi 7.5 kwa sekunde. Unarekodi mwimbaji kwa mwendo mdogo, kisha unacheza kwa mkubwa: sauti inapanda oktavu nzima na kasi inaongezeka mara mbili. Sauti ya kiumbe cha Sheb Wooley ilitokana na mbinu ya namna hiyo.

Kwenye programu ya leo chagua kubadili mwendo, usichague kubadili kimo cha sauti peke yake. Kubadili kimo peke yake huacha kasi ya ulimi ilivyokuwa, na sikio linatambua ni mtu mzima aliyebanwa. Oktavu nzima mara nyingi ni nyingi mno kwa maneno ya Kiswahili. Anza na mara 1.5, inayopandisha nusu toni 7. Kama wimbo wako ni wa mapigo 120, mwimbaji arekodi kwa mapigo 80. Konsonanti azikaze kupita kiasi, hasa m na n za mwanzo wa neno, maana ndizo zinazomezwa kwanza. Asitetemeshe sauti: mtetemo nao unaongezeka kasi, anasikika kama mbuzi. Pumzi zikate kwa mkono, zisipokatwa zinakuwa kwikwi.

Miller mwenyewe amepitia mashine hiyo bila kuombwa. Mwaka 1973 aliigiza jogoo msimulizi katika filamu ya katuni ya Disney ya Robin Hood, na kuipigia miluzi kwenye wimbo wa "Whistle-Stop". Mwishoni mwa miaka ya 1990 kipande cha wimbo huo kiliharakishwa kikawekwa kwenye ukurasa wa intaneti wenye panya wanaocheza, ule uliojulikana kama Hampster Dance. Walioingia saiba kafee enzi hizo wamemsikia Roger Miller bila kujua.

SWALI: Mbona baada ya 1966 anapotea? (Bi. Kipenda Fidla, Tanga)

JIBU: Sababu ni zaidi ya moja. "King of the Road" ya 1965 ilikuwa namba moja ya kantri, namba 4 ya chati ya jumla Marekani na namba moja Uingereza mwezi Mei. Baada ya kilele hicho njia iliyobaki ni ya kushuka. NBC ikampa kipindi chake cha televisheni Septemba 1966, hakikumaliza msimu. Halafu kulikuwa na vidonge vya amfetamini, ambavyo wanamuziki wengi wa Nashville walimeza ili waendeshe gari usiku kucha kutoka onyesho hadi onyesho. Vinamfanya mtu asilale na azungumze bila kukoma, na mwanzoni hilo hufanana na kipaji. Kisha wimbo unabaki nusu, na unaofuata nao nusu.

Jambo lisilosemwa sana ni kwamba alipoacha kuandika hakuacha kusikia. "Little Green Apples" aliitoa 1968, na "Me and Bobby McGee" ya Kris Kristofferson alikuwa wa kwanza kuirekodi, 1969. Zote mbili zilikuja kuwa kubwa zaidi mikononi mwa wengine. Ukitaka kusikia Miller asiyechekesha kabisa, tafuta "Husbands and Wives" ya 1966, yenye mwendo wa tatu kwa nne: kwa maoni yetu ndiyo kazi yake bora, na tunajua tutaandikiwa barua za kutupinga.

Alirudi kupitia mlango ambao hakuna aliyeutarajia. Mtayarishaji Rocco Landesman alimfuata atunge nyimbo za mchezo wa jukwaani wa Big River, unaotokana na riwaya ya Mark Twain kuhusu kijana Huckleberry Finn. Ulifunguliwa Broadway Aprili 1985, ukaonyeshwa mara 1,005, ukapata tuzo 7 za Tony, mojawapo ya nyimbo. Mwigizaji John Goodman alipoondoka, Miller mwenyewe aliingia kwa muda katika nafasi yake: Pap, baba mlevi aliyemtelekeza mwanawe. Aliyekwisha kusikia "Dang Me" alikuwa anamjua mtu huyo tangu 1964.

Alivuta sigara maisha yake yote, na saratani ya mapafu na koo ikamuua Los Angeles tarehe 25 Oktoba 1992, akiwa na miaka 56. Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri lilimpokea 1995. Mwaka huohuo Alan Jackson aliifikisha namba moja "Tall, Tall Trees", wimbo ambao Miller alitunga na George Jones na ambao Jones aliurekodi 1957 bila kelele. Kiwango cha sheria kwa kila nakala kilikuwa kimetoka senti 2 hadi senti 6.6, zigawanywe kwa watunzi wawili na wachapishaji wao.